Kompyuta Tano Zilizoingia Edani

Siku Anuari alipofariki, duka lake la kuchapa na kutoa kopi pale Mtaa wa Likoma lilishindwa kufungwa. Mlango ulikuwa mzima na kufuli lilikuwapo, ila kompyuta zilikataa kuzimika. Zilikuwa tano, na kila moja ilikuwa na mahali pake pa kuzimia: moja juu kulia, moja chini kushoto, moja imeficha kitufe ndani ya menyu iliyo ndani ya menyu nyingine, moja ilizimwa kwa kitufe cha kibodi, na moja ilitaka iandikiwe amri kama jeshini. Euphrasia, binti aliyemsaidia kazi, alihangaika nazo huku machozi yanadondokea kibodi. Mbili aliziweza, tatu zikamshinda. Mwisho akasema, "Nisamehe bosi," akapanda stuli, akazima umeme wa duka zima kwenye swichi kubwa. Kisha akafunga, akaita bajaji, akaenda msibani.

Shadya, mke wa marehemu, alisimuliwa habari hiyo baada ya maziko, akiwa amekaa juu ya mkeka katikati ya wanawake waliojaa sebuleni kwake. Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu mumewe aanguke kazini na kutolewa akiwa mikononi mwa watu. Alicheka hadi mtandio ukamtoka kichwani. Wanawake wakatazamana. Jirani mmoja akaanza kumsomea dua, akidhani huzuni imempanda kichwani.

"Mwacheni," alisema Bi Sabaha. Bi Sabaha alikuwa somo wa Shadya, yule aliyemfunda kabla ya ndoa, na sasa ndiye aliyehamia pale na begi lake kumsimamia akae eda. "Eda inavunjwa na kutoka nje na kujipamba. Kucheka hakuvunji eda. Mmemsikia lakini huyo mtoto? Jeshini! Hebu rudia, mwanangu."

Euphrasia akarudia, safari hii akiigiza na kupanda stuli. Walicheka wote, na baadhi yao wakalia humo humo ndani ya kicheko.

Anuari alikuwa mtu wa Linux. Hili lilijulikana Likoma yote, kama wengine wanavyojulikana kuwa ni watu wa bao. Linux ndiyo programu mama inayoiendesha kompyuta badala ya ile iliyozoeleka na wengi. Hutolewa bure na kwa halali, na yeyote anaruhusiwa kuichukua akaipika kwa viungo vyake. Ndiyo maana ziko za aina nyingi kupita kiasi: mchele ni ule ule, ila kila jiko lina pilau yake. Anuari hakuweza kula pilau ya jiko moja. Kompyuta ya kwanza aliitia Debian, ya pili Ubuntu, ya tatu Mint, ya nne Fedora, na ya tano, kipenzi chake, aliitia Arch, ambayo aliijenga mwenyewe kipande kwa kipande. Mteja akiuliza kwa nini kompyuta hazifanani, alijibu, "Wewe na ndugu zako mnafanana?" Mteja akishauri aweke ile ya kawaida, akisema kuna vijana wanaiweka iliyochakachuliwa, alijibu kwamba hajazoea kumlisha mkewe kitu cha wizi.

Mambo yalikuwa mazuri alipokuwapo. Alipoondoka, Euphrasia alibaki na kompyuta tano zenye tabia tano. Akifungua duka asubuhi, mchana amekwama. Wateja walianza kuhamia duka la ng'ambo.

Ndipo Ramadhan, kaka mkubwa wa marehemu, alipokuja kusema neno lake. Ramadhan alikuwa na duka la viatu Mtaa wa Kongo na mashavu yaliyojaa wema. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa ukumbini, nje ya pazia la mlango, kwa kuwa Bi Sabaha hakuruhusu mwanamume asiye maharimu kuvuka pazia hilo, awe shemeji awe nani, na akaongea na kitambaa cha maua.

"Shemeji Shadya, nimekaa nimewaza. Duka la mtu mmoja hufa na mtu wake. Siku ya arobaini familia tutakaa. Kuna binamu yetu anatafuta fremu ya kuuzia vipodozi. Wewe hutakosa haki yako, hilo nalisimamia mimi."

"Na duka?" aliuliza Shadya.

"Nani ataliendesha? Wewe uko ndani. Binti wa watu anahangaika. Zile mashine alizielewa Anuari peke yake, na Anuari ndiyo tumemzika."

Shadya alitazama huku na huku. Nyumba ilijaa vitu vya mumewe, viatu vyake vilikuwa bado mlangoni, lakini vitu vile vilikuwa vimenyamaza. Kule dukani tu ndiko watu walikuwa bado wanaingia wakisema, "Hapa kwa Anuari?" Fremu ikigeuka ya vipodozi, hakuna atakayesema tena hivyo. Hilo ndilo lililomuuma, wala hakuwa na namna ya kumwambia Ramadhan akaelewa, maana mtu wa viatu anataka hoja inayosimama kwa miguu.

"Shemeji," alisema mwishowe, "nikikuonyesha kwamba yeyote anaweza kuziendesha, hata asiyejua kitu, duka litabaki?"

Ramadhan akauliza kutoka nyuma ya maua: "Yeyote?"

"Yeyote utakayemchagua."

"Ukiweza hilo, nitakuwa wa kwanza kukutetea," alisema Ramadhan, kwa sauti ya mtu anayemwahidi mtoto mwezi.

Alipoondoka, Shadya akamgeukia Bi Sabaha. "Nimejitia kitanzi. Dukani siwezi kwenda."

Bi Sabaha alitafuna tambuu yake taratibu. "Eda imemkataza mwanamke kutoka," alisema. "Haijaikataza kompyuta kuingia."

*

Basi kompyuta zikapanda ghorofa. Euphrasia aliwasimamia wapagazi wawili na mkokoteni, kutoka Likoma hadi Mtaa wa Mchikichi alikoishi Shadya, akipiga kelele njia nzima, "Taratibu jamani, hizo ni za mjane!" hata watu wakawa wanazipisha kama jeneza. Zikapangwa sebuleni, mbili juu ya meza ya chakula, mbili juu ya kabati la vyombo, na ile ya Arch juu ya cherehani. Printa iliwekwa ukumbini, nje ya pazia, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi tena na waya wake ulifika.

Shida ilikuwa mjuzi. Mjuzi alikuwa Pius, fundi wa laptop Mtaa wa Aggrey, mtu wa Masasi, rafiki wa Anuari tangu ujana. Walipendana kwa kubishana. Pius alikuwa tayari kusaidia hata usiku na mchana, ila Pius alikuwa mwanamume.

"Shikamoo Bi mkubwa," alisema kutoka ngazini, na begi lake la bisibisi.

"Marahaba. Ishia hapo hapo."

"Sasa Bi mkubwa, nitatengenezaje kompyuta nisiyoiona?"

"Daktari anakuona maini yako? Kaa kwenye kiti. Wewe sema, sisi tutafanya."

Pius akakaa ukumbini kando ya printa, akalitazama lile pazia kama mtu aliyeambiwa afunge magoli akiwa nje ya uwanja. Shadya, upande wa pili, alijikuta anatabasamu. Anuari angetoa chochote kumwona Pius katika hali ile.

"Mambo, shem?" alisema Pius.

"Poa. Tunataka moja tu, Pius. Moja ya kuwekwa kwenye mashine zote tano, ya kuweza kuendeshwa na yeyote. Ipi?"

"Arch," alisema Pius hapo hapo.

"Ngoja wewe!" Bi Sabaha alidakia. "Hakuna kukurupuka. Mimi nimeoza mabinti mtaa huu tangu Msimbazi haina lami. Mwenzi haokotwi, huulizwa. Ukoo wake, tabia yake, na anavyoishi na watu."

"Somo," alinong'ona jirani mmoja, "mwenye eda haposwi."

"Hatumposei yeye, tunaliposea duka. Duka halina eda. Lete chai, Euphrasia. Haya, wa kwanza ni nani?"

Wa kwanza alikuwa Debian. Pius akaeleza kupitia pazia kwamba huyo ni mzee wa ukoo, ameanza miaka ya tisini, mtulivu, hakurupuki, habadilishi kitu mpaka amehakikisha. Ubuntu ni mwanawe. Mint ni mtoto wa Ubuntu, kwa hiyo ni mjukuu.

"Heshima ipo," alisema Bi Sabaha. "Kasoro?"

"Programu zake huwa za nyuma kidogo. Na hajipendekezi kwa mgeni. Mambo mengi anakuachia upange mwenyewe."

"Mfano?"

"Mfano, jaribuni kuongeza programu yoyote. Euphrasia, fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika ninavyokuambia."

Euphrasia akaandika, akatia nywila ya dukani, akasubiri. Kompyuta ikajibu kwa Kiingereza mistari miwili. Euphrasia akaisoma, akakunja uso.

"Inasema mimi sina ruhusa. Na inasema tukio hili limeripotiwa kwa msimamizi."

"Limeripotiwa!" Jirani aliyekuwa karibu na kabati alirudi nyuma. "Kwa nani? Polisi?"

"Msimamizi wa mashine," alisema Pius.

"Ndiyo nani?"

Nyuma ya pazia kiti cha Pius kililia. Kisha sauti ya Pius ikaja, ndogo. "Ni Anuari."

Wanawake wakageuza macho kwa Shadya. Shadya alivuta mtandio usoni, akajiandaa kulia mbele ya watu.

"Basi," alisema Bi Sabaha akiweka kikombe chini, "limeripotiwa mbali."

Badala ya kilio kikatoka kicheko. Shadya alishika meza. Euphrasia aliketi sakafuni. Upande wa pili wa pazia walimsikia Pius akipiga magoti yake kwa viganja na kusema, "Jamani, jamani, Anuari, fungua ripoti hiyo." Ilichukua muda kabla mtu hajaweza kuongea vizuri, na chai ilikuwa imepoa.

Wa pili alikuwa Ubuntu. Huyu ndiye maarufu wa ukoo, alisema Pius, ana marafiki kila mji. Ukikwama swali lako tayari limeshaulizwa na mtu na kujibiwa. Sura nzuri, programu zimejipanga kwenye mstari mrefu kushoto. Wanawake wakampenda. Walipomwambia afungue ukurasa wa kuandikia na intaneti na picha kwa pamoja, alianza kupumua kama mtu aliyepanda ngazi na gunia. Feni ya ndani ikavuma.

"Mgonjwa huyu?" aliuliza Bi Sabaha.

"Si mgonjwa. Mashine hiyo ndiyo kongwe kuliko zote, na yeye amezoea nyumba kubwa. Mpe mashine mpya mtaona anavyokimbia."

"Tunayo mashine mpya?"

"Hamna."

"Basi tunamtakia heri huko aendako."

Fedora, wa ukoo mwingine kabisa, aliingia na vitu vipya vipya ambavyo wengine hawajavipata. Skrini yake ilikuwa safi kama meza ya hotelini, haina kitu. Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Pius alisema, "Sasa shusheni hilo dirisha chini." Walitafuta alama ya kushushia. Haikuwapo. Kulikuwa na alama ya kufungia tu, msalaba, peke yake pale kwenye kona.

"Wenye Fedora hawashushi," alieleza Pius. "Wanabonyeza kitufe cha kwenye kibodi, kila kitu kinatawanyika, halafu unachagua. Ukizoea ni raha. Na ukitaka, alama hiyo unaweza kuirudisha."

Jirani mmoja akabonyeza kitufe hicho. Madirisha yote yakaruka, yakapungua, yakajipanga kama sare kwenye kamba. Akapiga yowe, akabonyeza tena, yakarudi. Akabonyeza tena. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumtoa pale, na Bi Sabaha akatoa hukumu: "Mwanamume wa kuchezea. Hana ubaya, ila kazi haitafanyika."

Arch ilipofika zamu yake, Pius alisogeza kiti karibu na pazia hadi vidole vya viatu vyake vikaonekana.

"Rudisha miguu," alisema Bi Sabaha.

"Samahani Bi mkubwa. Sikilizeni sasa. Huyu hana mzigo wowote usioutaka. Kila kilichomo umekitia wewe. Na yuko katika hali mpya wakati wote, hana habari ya kusubiri toleo. Ila lazima umhudumie, ukimwacha muda mrefu bila kumsasisha anaweza kununa."

"Na amekaa muda wote tangu…" Euphrasia hakumalizia.

"Ndiyo. Tumsasishe. Andika: S, U, D, O. Acha nafasi. Pacman."

"Pakimani naye ni nani?" aliuliza Bi Sabaha. "Mbona hakutajwa kwenye ukoo?"

"Ni mtumishi wake, Bi mkubwa. Acha nafasi. Dashi. S kubwa."

"Kubwa kiasi gani?"

"Herufi kubwa tu! Halafu y ndogo, u ndogo."

"Dashi nimeweka mbili," alisema Euphrasia.

"Moja!"

"Nimefuta. Imefutika na S."

"Rudisha S!"

"Ndogo au kubwa?"

"Mama yangu Masasi!" alilia Pius, na ngazi nzima ikamsikia. Watoto wa ghorofa ya juu wakachungulia. Kwenye sebule, wanawake walikuwa wanapokezana amri ile kwa kuimba, dashi, S kubwa, y ndogo, u ndogo, wakipiga makofi kwa mahadhi ya unyago, na Bi Sabaha mwenyewe akainuka akakata kiuno mara moja tu kisha akaketi, kwa kukumbuka kuwa ni msibani.

Ilikuwa katika zogo hilo Shadya alipoona jambo. Alikuwa anatazama pazia. Kila kompyuta waliyoijaribu, walikuwa wanaelekezwa na mtu asiyeiona. Na ndivyo duka litakavyokuwa. Yeye atakuwa humu ndani, Euphrasia kule dukani, simu sikioni. Hata eda ikiisha, atakayekuwa pale hatakuwa Anuari. Kwa hiyo swali halikuwa ipi bora kuliko zote. Lilikuwa: ipi inaelekezeka kupitia pazia?

"Pius," aliita, "bado Mint. Niache mimi nikae."

Aliketi mbele ya kompyuta ya tatu. "Nielekeze niandike tangazo, nilichape."

"Chini kushoto, kwenye kona," alisema Pius. "Bonyeza."

Ikafunguka menyu.

"Ofisi. Chagua ya kuandikia. Andika. Ukimaliza, juu, alama ya printa."

Hayo tu. Ukumbini, printa ikakohoa, ikatoa karatasi miguuni pa Pius. Shadya alikuwa ameandika: *Pius ameshindwa.*

"Ah, shem!" Lakini alikuwa anacheka. "Haya. Mint ni Ubuntu iliyofundwa na bibi. Haina makuu, hata ile mashine kongwe itaibeba. Vitu vipya inavipata baadaye kidogo, na mafundi wenzangu wanaiona ya wazee. Lakini kila kitu kiko pale ambapo mtu angekitafuta."

"Na jina lake ni nanaa," alisema Bi Sabaha. "Tunaitia kwenye chai. Mimi nimeridhika. Nani ana pingamizi?"

Aliyekuwa nalo ni Pius. Ilibidi aliseme kwa taratibu. Kuweka Mint kwenye mashine zote maana yake ni kufuta kilichomo. Nakala za kazi za wateja zingehamishiwa pembeni, hilo halikuwa na shida. Lakini ile Arch Anuari aliijenga kwa mikono yake. Rangi alichagua yeye, njia za mkato alizibuni yeye, hata sauti ya kuwaka aliirekodi mwenyewe akipiga mluzi.

"Iacheni hiyo moja," alisema. "Nne zinatosha."

Shadya alisogea kwenye cherehani. Aliiwasha kompyuta upya. Mluzi ukatoka, mfupi, wa mtu anayepanda ngazi akiwa na mkate mkononi. Majirani wakainamisha vichwa. Wazo la kuiacha lilikuwa tamu. Angeiweka pale pale, angeiwasha kila jioni. Lakini Ramadhan hakusema kompyuta nne. Alisema duka. Na ile iliyo nzuri kuliko zote, yenye kasi, ndiyo iliyokuwa imefungiwa katika akili ya mtu asiyekuwapo.

"Unaweza kuutoa mluzi tu?" aliuliza.

"Huo naweza. Ni faili dogo."

"Utoe. Mengine futa."

Flashi yenye Mint ilipita chini ya pazia, mkono wa Pius mpaka kiganja, mkono wa Euphrasia ukaupokea. Pius akaelekeza hatua kwa hatua mpaka mahali ambapo kompyuta huuliza kwa mara ya mwisho kama una hakika. Hapo sauti yake ikakatika. Walimsikia akipenga kamasi.

"Bonyeza, shem," alisema hatimaye.

Shadya akabonyeza. Mstari ukaanza kujaa taratibu. Bi Sabaha akamshika bega, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hata nyumba hupigwa deki baada ya msiba, na aliyeondoka hamwagwi na maji ya deki.

*

Siku ya arobaini hitima ilisomwa, pilau ikaliwa, na wanaume wa ukoo wakabaki ukumbini na kwenye ngazi kwa ajili ya kikao. Ramadhan alianza kwa dua, kisha akagusia fremu.

"Shemeji," Shadya alimkatiza kutoka ndani, "tulikuwa na ahadi. Umemchagua nani?"

Ramadhan alitazama huku na huku. Alikuwa ameshasahau. Vijana wa ukoo walikuwa wametunisha vifua, kila mmoja ana simu kubwa mkononi. Kuchagua mmoja wao kungekuwa kumsaidia mjane. Akafikiri kwamba amepata.

"Najichagua mimi," alisema. "Mimi hata meseji naandikiwa na mke wangu."

Vicheko vikaporomoka ngazi nzima. Kompyuta ikasukumwa chini ya pazia kwenye zulia, ile iliyokuwa ya Arch zamani, ikawekwa juu ya kigoda. Ramadhan akavuta kiti, akapandisha mikono ya kanzu kama anayetaka kuchinja.

"Dukani kwako unahitaji tangazo gani?" aliuliza Shadya.

"Kuna watu wanajaribu viatu na miguu yenye tope. Nataka niwaambie wavae soksi."

"Vizuri. Chini kushoto, kwenye kona. Bonyeza."

"Nimebonyeza. Imetoka orodha."

"Ofisi. Ya kuandikia."

"Ipo. Subhanallah, ipo."

Akaandika kwa kidole kimoja, akisema kila herufi kwa sauti, ukoo mzima ukimsaidia kutafuta ilipo S. TAFADHALI USIJARIBU KIATU BILA SOKSI. Shadya akamwambia abonyeze alama ya printa juu. Akabonyeza. Printa, ambayo ilikuwa imelala tangu asubuhi, ikakaa kimya ikijipasha moto.

"Haifanyi kazi," alisema Ramadhan, akabonyeza tena. "Mnaona? Ndiyo niliyokuwa nayasema." Akabonyeza, akabonyeza, kama anayebonyeza lifti ya Posta. Shadya hakuona lolote. Alisikia tu kitufe kikilia tak tak tak.

Printa ikaamka. Ikatoa karatasi. Ikatoa nyingine. Ikatoa nyingine. Karatasi zilianza kushuka ngazini, vijana wakizidaka, wazee wakizisoma kwa sauti moja baada ya nyingine kama kwamba zina tofauti: tafadhali usijaribu kiatu, tafadhali usijaribu kiatu. Mzee mmoja akaanza kuvua viatu vyake kwa woga.

"Izimeni!" Ramadhan alisimama. "Iteni fundi!"

Pius, aliyekuwa ngazi ya chini na sahani ya pilau, alianza kuinuka. Shadya akapaza sauti.

"Pius, kaa! Shemeji Ramadhan, keti. Usiguse printa. Tazama skrini, chini kulia, karibu na saa. Kuna picha ndogo ya printa?"

"Inamaliza karatasi!"

"Ipo au haipo?"

"…Ipo."

"Bonyeza. Umeona mistari?"

"Mingi. Yote ni viatu."

"Bonyeza msalaba ulio mbele ya kila mstari. Mmoja mmoja."

Ramadhan akainama, ulimi ukiwa umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Tak. Tak. Tak. Printa ikameza karatasi moja ya mwisho, ikaitoa, ikatulia.

Ramadhan aliangalia mikono yake, akaangalia skrini, kisha uso wake wote ukafunguka kama wa mtoto aliyefunga goli.

"Nimeizima mimi," alisema. "Mmeona? Mimi!"

Ngazi ikalipuka. Kutoka ndani Bi Sabaha akapiga kigelegele, akaziba mdomo, kisha akaamua liwalo na liwe, akapiga kingine. Ramadhan hakutaka kuinuka. Aliuliza kama ile picha ya nyuma inaweza kuwa ya kijani na njano, rangi za timu yake. Wapenzi wa Simba waliokuwa kwenye ngazi wakapinga kwa makelele, hilo likazua kikao kingine chenyewe, na ilibidi Shadya aulize mara mbili ndipo asikike.

"Shemeji. Na fremu?"

Ramadhan akageukia pazia. Alivuta kanzu yake sawasawa.

"Fremu gani?" alisema. "Ile ni kwa Anuari. Binamu atatafuta kwingine."

Shadya alikaa chini kwenye mkeka, mgongo kwenye ukuta, akawaacha wabishane mambo ya mpira. Alilia kidogo, na hakuna aliyemzuia.

Sasa duka la Likoma limefunguliwa. Kompyuta zote tano zimerudi humo zikiwa na Mint, na kila moja ikiwashwa hutoa ule mluzi wa Anuari. Euphrasia yuko kaunta kuanzia saa mbili asubuhi, na akikwama anampigia simu Shadya, ambaye bado yuko edani.